Anayekatika Ameshindwa: Kanuni Iliyomrudi Dobi

Saa saba mchana mashine za kufulia za hospitali zinanyamaza. Dobi mkuu anavuta kiti mpaka kwenye meza ya kukunjia mashuka, simu ameiegemeza kwenye kopo la sabuni. Kwenye kioo, farasi wake mweusi wa sataranji anamtisha malkia wa dereva mmoja aliye upande wa pili wa mji. Kiti cha pili, kando yake, hakina mtu.

"Usikikalie hicho," anamwambia mwandishi. "Kina mwenyewe."

Mwenyewe ni mzee mwendesha boila, mtambo wa mvuke wa kufulia, aliyemfundisha dobi sataranji wakati wakisubiri mashuka yakauke. Tangu wiki iliyopita hataki hata kumtazama usoni.

Dobi huyu, mama wa watoto watatu, ndiye katibu wa ligi ya sataranji ya wafanyakazi: timu nane zinazocheza mtandaoni saa ya mapumziko. Zawadi ni kombe la bati, lakini watu wanaligombania kana kwamba ni urithi wa baba yao.

Msimu uliopita timu ya kiwanda cha mikate, inayoongozwa na shemeji yake, mume wa dada yake, ilipatwa na ugonjwa wa ajabu. Kila mchezaji wao akipoteza malkia, mtandao unakatika na mchezo unafutwa.

"Mtandao gani huo unaojua malkia ameliwa?" anafoka, akilibamiza shuka mezani. "Waongo! Jumapili mnakula kwangu, Jumatatu mnanidanganya mchana kweupe!"

Kwa hasira hiyo akatunga kanuni ya maneno mawili: anayekatika ameshindwa. Viongozi wote waliinua mikono. Mwendesha boila peke yake ndiye aliyemwonya.

"Dada, hasira hasara," alimwambia. "Umeme haumjui mwongo ni nani."

Hakumsikiliza.

Wiki iliyopita timu yake ya hospitali ilikutana na ya mikate, mshindi aende fainali. Pointi zilikuwa sawa, umebaki mchezo mmoja tu, na mwendesha boila alikuwa amebakiza hatua mbili amfunge mfalme. Umeme wa jengo zima ukazimika, na mtandao ukaenda nao.

Shemeji alipiga simu papo hapo. "Mkuki kwa nguruwe, eti shemeji?" akacheka. "Kanuni ni yako. Andika."

Akaandika. Nafasi ya fainali ikaenda kwa watu wa mikate. Mwendesha boila alivaa kofia yake.

"Sheria yako imewakosa waongo wote, imenipata mimi," alisema. "Sichezi tena chini yake."

Dobi anakumbuka alivyotamani kuing'ata ile simu. "Shemeji ananikera, sikatai. Ila ninayemkasirikia zaidi ni mimi. Nilitunga sheria ya kumkomoa mtu."

Jumamosi viongozi watapigia kura kanuni yake mpya: kila timu isamehewe kukatika mara moja kwa msimu na mchezo urudiwe, ikikatika tena, imeshindwa. Anahitaji kura tano. Shemeji ameshakataa.

Na ikipita, ile pointi itarudi?

"Hairudi!" anajibu kwa ukali. "Nikiirudisha nimempendelea mtu wangu. Tofauti yangu na shemeji itakuwa wapi?"

Kengele ya kazi inalia. Anasimama, anakifuta kile kiti kitupu kwa pindo la aproni.

"Kombe wachukue, wakachotee maji," anasema. "Mimi Jumatatu nataka nimkute yule mzee amekaa hapa. Hata akiwa amenuna."