Bampa Isiyovunjika

Siku nilipofika nyumbani Subukia na gari langu la kwanza, baba hakuuliza lilitoka wapi wala linakunywa mafuta kiasi gani. Alienda moja kwa moja mbele, akagonga bampa kwa kidole mara mbili, akasikiliza.

"Hii ni beseni," akasema.

Nilimweleza kwamba siku hizi bampa huwa ya plastiki kwa makusudi. Ikigongwa inabonyea, na chuma laini kilicho nyuma yake kinajikunja, ili kishindo kiishie hapo kabla ya kumfikia aliye ndani. Baba alinisikiliza kwa ile heshima anayompa mhubiri wa dhehebu lingine. Pikapu yake ina bampa ya kipande cha reli. Imeshagonga lango, trekta na ukuta wa kanisa, na haijapata hata mkwaruzo. Ukuta ulijengwa upya.

Kesho yake niliamka nikamkuta fundi wa kuchomelea akimalizia kazi. Mbele ya gari langu palikuwa na bomba nene la chuma, limeungwa hadi kwenye chesi, fremu ya gari.

"Sasa uko na gari," baba akasema.

Nilijua si sawa. Lakini alikuwa ametabasamu, nikanyamaza. Hilo kosa ni langu.

Jumatatu nilikuwa nampeleka mama kliniki mjini Nakuru. Karibu na mtaa wa Section 58 lori lililokuwa mbele yetu likafunga breki ghafla. Sikuwa nakimbia, ila nililigonga. Bomba halikupinda hata kidogo. Mama, aliyekuwa amefunga mkanda, alivunjika mfupa wa bega. Gari lenyewe lilitufikisha hospitalini bila shida yoyote.

Baba alifika jioni. Alipitia kwanza kulikagua gari, kisha akaja kusimama kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Bampa haina hata alama," akasema. Akautazama mkono wa mama uliofungwa kifuani.

"Kwa hivyo kuna kitu kilitakiwa kivunjike."

"Ndio, baba."

"Basi nilikosea."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Hata kanisani hutubu kwa wingi, "tumekosa", pamoja na wengine. Mama, ambaye tulidhani amelala, akafungua macho.

"Sijasikia vizuri, mzee," akasema. "Hebu rudia."

Baba akarudia. Safari hii alilia.