Mbwa Niliyemteka Msibani

Sijamsamehe yule jirani yangu wa Uyole, na sina mpango wa kuanza. Kila Kwaresima najiambia safari hii nitajaribu. Jumatano ya Majivu inafika, namkumbuka mbwa wake, naahirisha.

Mimi ni Mhehe wa Kalenga, fundi cherehani, na huu ni mwaka wa tisa napanga Uyole. Jirani huyo ni Mngoni, anauza vipuri vya malori kando ya barabara kuu. Nyuma ya jiko lake, upande wa ukuta wangu, alikuwa amemfunga mbwa kwa waya wa umeme kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Mbwa mwenyewe alikuwa mbavu na ukurutu, hana rangi unayoweza kuitaja. Mwezi wa sita, baridi ya Uyole ikiuma mpaka unaogopa kugusa maji ya ndoo, alilala kwenye tope lilelile alilojisaidia. Usiku alilia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi.

Nilikwenda kuongea na jirani kistaarabu, maana jirani hatukanwi siku ya kwanza. Alinisikiliza huku akichokonoa meno, kisha akasema, "Mtani, mbwa akishiba analala. Mimi namtaka awe macho."

Nikaanza kurusha ukoko wa ugali juu ya ukuta. Alipogundua, aliongeza mabati juu ya ukuta huo, halafu akapita kibandani kwangu kuwatangazia wateja kwamba Wahehe tunanonesha mbwa wa watu ili tuje tuwale. Wateja wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu Mngoni ni mtani wa Mhehe na utani haununiwi. Lakini moyoni nilijiambia siku yake itafika, na nitakuwepo.

Ilifika na msiba. Mama yake mzazi alifariki. Kwa asiyejua, mtani ana kazi yake msibani: anaosha vyombo, anapika, anawachekesha wafiwa wanapozidiwa, na ana ruhusa ya kunyakua kitu chochote cha nyumba hiyo bila kuulizwa. Mfiwa akikitaka kitu chake anakikomboa, kwa kuku au chochote alicho nacho, na hapo mtani hana budi kukirudisha.

Siku ya kusafirisha mwili kwenda Songea, Wahehe wenzangu walinyakua sufuria na viti. Mmoja alijilaza mbele ya gari la jeneza akilizuia lisiondoke. Mimi nilipita moja kwa moja nyuma ya jiko nikiwa na koleo niliyoazima kwa fundi umeme. Nilikata waya kwenye nguzo, nikamfunika mbwa kwa kitenge changu, nikatoka naye kifuani mbele ya waombolezaji wote na kutangaza kwamba kitoweo nimeshapata. Uwanja mzima ulicheka, hata wafiwa. Jirani alinitazama, macho mekundu kwa kulia.

"Mle tu, mtani," akasema. "Hata mfupa usiniletee."

Nisimsingizie: alikuwa anajibu utani inavyotakiwa, na alikuwa amefiwa. Sikumwonea huruma hata kidogo. Niligeuka kuhakikisha kila mtu amesikia.

Kesho yake dereva mmoja wa lori la viazi alikubali kutupeleka Iringa, nami nikamfikisha mbwa Kalenga kwa mama yangu akiwa bado anapumua. Waya ulikuwa umezama shingoni, nyama imeota juu yake. Bwana mifugo alihangaika nao asubuhi nzima huku mama amekishika kile kichwa mapajani. Tulipomwosha ndipo tukajua ni jike. Mama yangu, ambaye hajawahi kuruhusu mbwa avuke kizingiti, alimtandikia gunia chini ya kitanda chake mwenyewe, akanikataza kusema neno.

Mimi nilirudi Uyole kufanya kazi iliyobaki. Jirani alipotoka kuzika nilimsimulia jinsi nilivyompika mbwa wake, nikianza na ndimu. Kila tulipokutana nilimwongezea kiungo kimoja. Aliacha kupokea hata maji ya kunywa mkononi mwangu. Baadaye wezi waliruka ukuta wake wakasomba vipuri, na hakuna aliyebweka. Nilipopata habari hiyo nilifurahi kuliko inavyompasa Mkristo.

Furaha yangu iliharibiwa na dereva wa viazi. Alikuwa mteja wa jirani, na katika maongezi akamwambia kwamba yule mbwa yu hai, amenona, yuko Kalenga.

Nilikuwa nyumbani Kalenga kwa ajili ya kuvuna mahindi jirani aliposhuka kwenye bodaboda, kuku mwekundu kwapani, kamba mpya mkononi. Alimwamkia mama "Kamwene" kama mtu wa kwetu, akaketi, akamkabidhi kuku kwa mikono miwili. Amekuja kumkomboa mbwa wake, alisema. Niliruka kusema kwamba aliniambia nimle na mashahidi wapo. Mama aliinua kiganja, nikakaa. Maneno ya msibani ni utani, alisema, na kuku ameshapokelewa, kwa hiyo mwanangu hana la kukataa. Mila niliyomchukulia mbwa ndiyo hiyo ilikuwa inakuja kumrudisha kwenye nguzo.

Uani kulikuwa na mbwa watatu. Wawili walikuwa wa mjomba wangu, wamelala juani. Wetu alikuwa nyuma ya kigoda cha mama, mnene, manyoya ya kahawia yanang'aa. Tangu aliposikia sauti ya jirani alikuwa amejibana chini, masikio yamelala.

"Mbwa ndio hao, baba," mama akasema. "Mchukue wako."

Jirani aliwatazama mmoja mmoja. Macho yalipita juu ya wetu bila kusimama. Kisha akaenda kwa yule mkubwa kuliko wote, akaanza kumvisha kamba, akatueleza kwamba amemlea tangu mdogo na hawezi kumsahau.

"Huyo ni dume," mama akasema. "Umekaa na mbwa wako usijue hata kama ni jike. Asiyemtambua wake hana wa kukomboa. Nenda salama, mtani."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kuku aliyetolewa kwa mikono miwili hadaiwi, na jirani alilijua hilo. Alikunja kamba yake polepole, na mimi nilimsindikiza hadi barabarani nikimwangalia usoni muda wote, nisikose hata chembe. Bodaboda haijapotea machoni, kisu kilikuwa shingoni mwa kuku.

Niliomba ini nimpelekee mbwa wangu. Hakuwepo nyuma ya kigoda. Nilimkuta chini ya kitanda, kwenye kona ya mwisho, amelowa mkojo wake, anatetemeka. Nilimsogezea ini mpaka puani. Akageuzia uso ukutani. Nilijilaza kwenye sakafu nikaita na kubembeleza, naye hakunitazama. Nilibaki pale nikimchukia mtu yule upya kabisa, na mama alipoita kwamba kuku ameiva, nilimjibu kuwa sina njaa.