Kanuni Niliyoiruka

Laini ya simu ya shemeji yangu ilisajiliwa kwa jina langu. Namba yake ya kitambulisho cha taifa ilichelewa kutoka, na kazi yake ya useremala pale Ng'ambo ilitegemea wateja wanaopiga simu. Tulikwenda dukani pamoja, nikaweka kidole changu kwenye mashine, naye akaondoka na laini. Katika mji wetu hilo si jambo la kusimulia. Karibu kila ukoo una mtu mmoja ambaye jina lake limebeba simu za watu watatu au wanne. Namba yake ilipotoka, hakuna aliyekumbuka kurudi kubadilisha.

Yeye ni mdogo wa marehemu mume wangu. Tulikuwa watani tangu nilipoolewa, na baada ya msiba, watu walipoanza kuzungumza nami kwa sauti ya chini, yeye peke yake aliendelea kunitania kama zamani.

Jumamosi moja alasiri alinikuta nyumbani kwangu Itetemia, nimekaa barazani na rundo la mitihani ya wanachuo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Leo umekumbuka kwamba una shemeji?"

"Nikikusahau nitakula wapi?" Alivuta kigoda, akanipa simu yake. "Wewe uliyesoma mpaka macho yakaomba miwani, hebu nisomee hapa. Nataka kujua kama kuna mtego."

Ilikuwa kasino ya mtandaoni. Ilimwahidi kwamba kiasi chochote atakachoweka mara ya kwanza kitaongezewa bonasi ya kiasi hichohicho, na chini ya ahadi hiyo zilifuata kanuni ndefu zenye herufi ndogo. Kusoma anajua vizuri. Alichokuja kutafuta kwangu ni uhakika.

Niliichukia michezo hiyo na sikuwahi kumficha. Nilizipitia kanuni kwa haraka, lakini si kwa haraka kiasi cha kutoziona. Nilisoma kwamba bonasi sharti ichezwe mara nyingi kabla ya kutolewa. Nilisoma pia kwamba jina la mwenye akaunti lazima lifanane na jina la mwenye laini, na kwamba asiyetimiza hilo atapoteza kila kilichomo. Nikakumbuka mara moja laini ile ilikuwa ya nani. Ila kumweleza kungemaanisha mazungumzo marefu, safari ya dukani na foleni, na mitihani ilikuwa inanisubiri. Zaidi ya hayo, nilikuwa na hakika kwamba hatashinda. Kanuni ya washindi niliiona haimhusu.

"Ni maneno yao ya kawaida," nilimwambia, nikamrudishia simu. "Watakula hela yako, usije ukalia hapa."

"Na mimi nikishinda, usije ukanipenda ghafla."

Alicheza kwa wiki kadhaa, mchana, wakati gundi inakauka kwenye fremu za vitanda. Kisha akashinda. Ushindi wenyewe haukuwa utajiri, lakini ulitosha kununua mashine ya randa iliyokwishatumika, aina ile ambayo kila alipopata mbao za mninga alilazimika kuikodi kwa jirani. Alikuja kwangu na kilo mbili za nyama, akasema mashine ameshaiona na ameshaiwasha, na kwamba fundi mwenzake atamwekea mpaka Ijumaa.

Fedha haikuingia. Alhamisi aliwapigia huduma kwa wateja akiwa sebuleni kwangu, sauti ikiwa wazi ili nami nisikie.

"Laini unayotumia ina jina la mwanamke," alisema binti wa upande wa pili, kwa upole wa mtu aliyefundishwa upole.

"Huyo ni shemeji yangu, nimekaa naye hapa. Shemeji, msalimie."

"Habari za kazi," nilisema.

"Nzuri, mama. Samahani, kanuni hairuhusu. Bonasi na ushindi vimefutwa, na akaunti imefungwa."

"Na ile hela niliyoweka mwenyewe?"

"Nayo imo humohumo, kaka. Ulikubali kanuni."

"Nilikubali baada ya kusomewa na mwalimu wa chuo, dada yangu!" Alinikonyeza, kana kwamba cheo changu kingemlegeza binti yule. "Kama ingekuwepo, huyu angeiona."

Simu ilipokatwa alipangusa kioo chake kwa shati.

"Basi hata wewe wamekupita," alisema. "Watu hawa ni wajanja."

Kesho yake, kwa niaba yake, nilianza kuwaandikia barua ya malalamiko. Nilikiri kwamba kanuni ina sababu yake, kwa kuwa wapo wanaofungua akaunti kumi kwa majina ya ndugu ili wazoe bonasi. Lakini jina langu lilikuwa mbele yao kila mara alipoweka fedha, na hawakuuliza. Waliuliza siku ya kulipa. Nikamkumbuka baba, aliyelima tumbaku Urambo. Mkaguzi akikuta majani mabaya ndani ya robota, alilikataa robota zima, na baba alirudi nalo nyumbani kwa baiskeli, akalifungua, akachambua upya. Aliumia, lakini robota lilibaki lake. Hawa wamekataa mzigo, kisha wakabaki nao.

Ilikuwa barua nzuri. Nilipoisoma tena niliona kwamba kila mwenye kosa ametajwa ndani yake isipokuwa mimi. Sikuituma.

Jumamosi nilimfuata karakanani. Alikuwa akipiga randa kwa mkono, maranda yamemjaa miguuni.

"Ile kanuni niliiona," nilisema.

"Ipi?"

"Ya jina. Siku ile barazani. Niliisoma, nikaiacha."

Akaweka randa chini. "Hukujua kwamba inanihusu?"

Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, na nilitamani sana kuupita.

"Nilijua. Niliona tu kwamba hutashinda."

Nilisubiri utani. Alipuliza vumbi kwenye ubao, akaupitisha kiganja, akasema, "Ile mashine jamaa ameiuza jana jioni." Kisha akaniuliza kama Jumatatu nitapata nafasi ya kwenda naye dukani, aihamishie laini kwenye jina lake.

Jumatatu foleni ilifika mpaka nje. Niliweka kidole changu, naye akaweka chake, na mhudumu akampa karatasi ya kukubali masharti, ambayo watu wote waliotutangulia walikuwa wameisaini bila kuitazama. Nilinyoosha mkono nimsaidie.

"Hapana, shemeji. Acha nisome mwenyewe."

Alisoma mstari kwa mstari, midomo ikitikisika.

"Mzee, hiyo ni fomu au msahafu?" mtu mmoja alipaza sauti nyuma yetu, na wengine wakacheka.

Hakugeuka. Alifika chini, akaigeuza karatasi, akaanza upande wa pili. Nilisimama kando yake, mkoba mkononi, nikamngojea.