Dakika Moja ya Kumkumbuka Boke

Erasto Heche ni fundi wa madishi hapa Nyamongo. Kama una dishi juu ya bati lako kati ya hapa na Nyangoto, basi huenda ni yeye aliyepanda kulifunga. Kibanda chake kinatazamana na meza yangu ya chai na maandazi, na namjua tangu hajaoa. Ni mtu mpole, hajawahi kugombana na mtu sokoni, hata wachimbaji wakilewa wanamheshimu. Ana ugonjwa mmoja tu: mtu aliyevaa viatu safi akimwomba jambo, Erasto hawezi kukataa.

Mwaka juzi alikuja kijana mwenye viatu safi. Anaitwa Anold, ametoka Dar es Salaam, na yeye na wenzake wawili wana kampuni ndogo inayotengeneza chipu ya runinga. Chipu yenyewe ni kidude kidogo kuliko ukucha wangu. Unakichomeka nyuma ya runinga, na runinga inashika vipindi vya mtandao bila dishi wala king'amuzi. Mimi niliuliza palepale, kama kidude hiki kinaondoa madishi, Erasto atakula nini? Anold alicheka, akasema Erasto ndiye atakuwa wakala wao mkuu, Tarime yote na Serengeti yote mpaka Morotonga kule. Kuanzia siku ile Erasto alikuwa akitembea na kalamu mfukoni mwa shati.

Lakini kampuni ilikuwa na kidude tu, pesa haikuwa nayo. Ilihitaji wawekezaji, na ili kuwavuta wawekezaji hao ilihitaji video fupi.

"Hawa watu wameshaona chipu mpaka wamechoka," Anold alimwambia Erasto wakinywa chai yangu. "Wanataka kuona mama wa kijijini ameshika rimoti, anacheka na mwanaye. Hapo ndipo wanatoa hela. Wewe mama unaye?"

Mama yake Erasto alifariki yeye akiwa darasa la tano. Erasto alijibu kwamba mama atapatikana.

Ambaye si wa huku inabidi nimweleze kitu hapa. Kwetu Wakurya, mwanamume na mama wa mke wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawaketi kiti kimoja, hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mkwe anaacha njia, anasimama pembeni na kutazama upande mwingine, na mama anavuta khanga usoni, kisha wanasalimiana hivyohivyo kwa mbali. Mgeni akiona anadhani wamegombana. Hawajagombana, wanaheshimiana. Mwanamke anayepishwa njia na mkwe wake namna hiyo anarudi nyumbani ameinua shingo, na jirani zake wanajua binti yake ameolewa na mtu.

Sasa siku ya kupiga video ikafika, na shangazi yake Erasto aliyekubali kuwa mama alikuwa amekwenda msibani Sirari, simu haipatikani. Anold alikuwa ameshafika nyumbani kwa Erasto na kamera, taa, na kijana wa kushika taa. Elieth, mke wa Erasto, alikuwa amejifungua wiki ileile. Mama yake, Boke, alikuwa amekuja kutoka Nyangoto kumkanda na kumpikia. Boke alikuwa akilala jiko la nje, na Erasto kwa heshima alikuwa akila kibandani kwake, kwa chai yangu. Anold alichungulia dirishani akamwona Boke anapepeta ulezi.

"Yule je?" aliuliza.

Erasto alitakiwa kusema kwamba yule ni mama wa mke wake, na mambo yangeishia hapo. Alisema, "Yule ni kama mama."

Alimtuma Elieth akaombe. Elieth alirudi analia, akamwambia kama ana uso wa kuomba jambo hilo akaombe mwenyewe. Nilikuwa pale, nimempelekea mzazi uji. Nilimwona Erasto akisimama nje ya jiko, ameupa mlango mgongo, anaongea na ukuta wa choo.

"Mama, shikamoo. Ni picha tu, mama. Itaishia Dar. Hakuna mtu wa huku atakayeiona. Nikiikosa kazi hii, mjukuu wako sijui atakula nini."

Ndani, ungo uliacha kusikika.

"Itaishia Dar?" Boke aliuliza.

"Itaishia Dar, mama."

"Basi wekeni mto katikati."

Ukaletwa mto wa kochi, ukasimamishwa katikati yao kama kigingi cha mpaka wa shamba. Boke alikaa pembeni kabisa, mguu mmoja nje, kama mtu wa kukimbia. Anold alitazama kwenye kamera, akaja, akauchukua mto.

"Mto unaharibu picha," alisema. "Sogeeni. Erasto, mwekee mama mkono begani."

Mimi nilidhani Erasto atainuka. Alimwekea mkono begani. Wakapewa bakuli moja la bisi, wale pamoja. Boke alichukua punje moja akaifumbata mkononi, akakaa nayo hivyo mpaka kazi ikaisha. Na runinga waliyokuwa wanaitazama ilikuwa imezima, maana mtandao siku ile uligoma. Anold alisema picha itabandikwa baadaye huko Dar, wao wacheke tu. Kwa hiyo walicheka, mtu na mama mkwe wake, mbele ya kioo cheusi ambacho nacho kilikuwa kinawaonyesha wao wenyewe.

Elieth alikuwa chumbani na mtoto. Hakutoka.

Miezi ikapita. Erasto aliletewa fulana ya kampuni na viatu vyeusi vya kung'aa. Kisha Anold akapiga simu: wawekezaji kutoka Dar na Mwanza wanataka kuja kuliona soko lenyewe, Nyamongo hapahapa, na wenyeji wenye uwezo wakaribishwe nao kuwekeza. Kazi ya Erasto ilikuwa kujaza viti. Na alivijaza. Alialika wenye maduka, wenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, na wachungaji wa makanisa. Alikialika kikoba chetu cha akina mama, akijua vizuri Boke ni mwanachama. Alimwalika Mzee Waitara, shemeji yake Boke, aliyewapokea ng'ombe wa mahari ya Elieth. Hakuuliza hata mara moja wageni wataonyeshwa nini. Alikuwa anaitwa meneja siku hizo, na jina hilo lilikuwa limemziba masikio.

Siku ya mkutano, ukumbini, nilikaa na Boke viti vya katikati. Alikuwa amevaa khanga mpya, na nadhani alikuwa na fahari kidogo kumwona mkwe wake mbele, karibu na kipaza sauti. Anold aliongea mengi kuhusu chipu, akasema dunia nzima inahamia huko. Kisha taa zikazimwa, na ukutani akatokea Boke.

Alikuwa mkubwa, kutoka sakafuni hadi darini. Alikuwa anacheka. Mkono wa Erasto ulikuwa begani kwake, bakuli moja la bisi mapajani mwao, na runinga iliyokuwa imezima sasa ilikuwa inaonyesha mpira. Sauti ya Erasto ikasema, "Mama, shika rimoti. Leo nyumba ni yako."

Wageni walipiga makofi. Wa kwetu hakuna aliyepiga. Wanawake wa kikoba walitazama miguu yao. Mzee Waitara alivaa kofia yake, akainuka taratibu, akatoka, na kila mtu akamsikia anavyotoka. Boke alivuta khanga mpaka ikamfunika kichwa kizima. Mimi nilitamani sakafu ifunguke, na mimi hata si ndugu yao.

Taa zilipowashwa, mwekezaji mmoja kutoka Mwanza, mama mtu mzima aliyejitambulisha kwa jina la Bernadetha, alikuwa anapangusa miwani. Alisema amemkumbuka mama yake. "Mama huyu yupo hapa?" aliuliza. "Ningependa aje mbele nimsalimie."

"Erasto," Anold akasema kwa furaha, "mlete mama."

Erasto alishika kipaza sauti. Nilimwona anatutafuta kwa macho, akaiona khanga iliyofunika kichwa, akajua ni nani. Nafasi ya kusema ukweli alikuwa nayo, ukumbi mzima ulikuwa unamngoja.

"Mama amefariki," alisema.

Baadaye aliniambia kwamba alitaka tu kumwokoa Boke asisimamishwe mbele za watu. Labda. Lakini mama Bernadetha alishika kifua, akasema, "Pole sana, mwanangu. Jamani, tusimame dakika moja tumkumbuke."

Na watu walisimama. Wageni walisimama kwa huzuni, na wa kwetu walisimama kwa sababu ukiambiwa simama kwa ajili ya marehemu miguu inatii kabla hujafikiri. Nilihisi kiti cha pembeni yangu kinasogea. Boke naye alikuwa anainuka. Nilimvuta khanga, nikamnong'oneza akae. Aliutoa mkono wangu polepole. Alisimama wima katikati yetu, akainamisha kichwa, akaomboleza kama wengine. Nje bodaboda walikuwa wanapiga honi. Erasto alikuwa amevitazama viatu vyake vinavyong'aa, na hakuinua macho mpaka tulipoambiwa tukae.

Kampuni ilipata wawekezaji wake siku ileile. Ilisemekana kilichowashawishi ni ile video.

Nilimsindikiza Boke kwa miguu kurudi Nyangoto. Tulipokaribia kwake alisimama.

"Agustina," alisema, "wewe ulishawahi kusimama msibani kwako?"

Nilimtakia usiku mwema, na hata haukuwa usiku.

Baada ya hapo kampuni ilimtumia Erasto bango la kubandika kibandani, lina uso wa Boke na maneno ya kumkumbuka mama. Alilikunja akalisukuma chini ya meza, akamwambia Anold limenyeshewa. Vijana wa bodaboda walikuwa wakipita wanapaza sauti, "Mama, shika rimoti," naye anajifanya anatafuta bisibisi. Elieth alikuwa akimpikia na kumwekea chakula mezani, kisha anarudi chumbani kwa mtoto. Mwishowe Erasto alikwenda kwa Mzee Waitara, akapiga magoti. Mzee alimwacha pale chini muda, kisha akamwambia atafute mbuzi wa kuombea radhi, ampeleke kwa mama, na achukue mwanamke wa kumsemea, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kuongea naye uso kwa uso. Akanichukua mimi.

Tulifika asubuhi. Erasto alisimama mbali, nje ya ua kama inavyotakiwa, ameshika kamba ya mbuzi, amegeukia mahindi ya jirani. Mimi niliingia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, lakini Boke hakuyangoja. Alinipita mlangoni, akavuka ua, akaenda moja kwa moja mpaka alipokuwa mkwe wake. Khanga ilikuwa mabegani. Uso ulikuwa wazi.

Erasto alisikia nyayo, akajigeuza zaidi, akainama mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Nitazame," Boke alisema.

"Mama, siwezi."

"Unaweza. Mimi si nilishakufa? Aliyekufa hana mkwe wa kumficha uso." Akanyoosha mkono wake, mkono ambao tangu alipomwoza binti yake hakuwahi kumpa mwanamume yule. "Shika."

Boke alikuwa analia, na hakujifuta. Mbuzi alikuwa ameanza kula mahindi ya jirani na hakuna aliyemfukuza. Erasto aligeuka, akautoa mkono wake kwenye kamba, akaushika ule wa mama mkwe wake.

Tulirudi wawili mpaka tukaufikia mgodi wa dhahabu.

"Una joto," aliniambia, akitazama kiganja chake. "Mkono wake una joto, Agustina."