Sentensi Inayojishuhudia: Mpiga Pasi na Makala ya Nchi

Unaisoma kila siku na hujawahi kujiuliza nani anaiandika. Ukibishiwa kuhusu nchi yako, ukubwa wake, mito yake, mwaka wa bendera yake, unachomoa simu, unasoma mistari miwili, unamwambia mwenzako "umeona?", basi. Nyuma ya mistari ile kuna watu, na umewapita kama unavyopita mfagizi wa barabara. Na wako wengine waliotolewa bondeni kupisha bwawa la umeme, ili wewe uwashe taa. Hao ndio kabisa umewapa kisogo.

Mmoja wa wanaoiandika amesimama asubuhi hii mbele ya meza ya kupigia pasi, chumba cha nyuma cha duka la dobi. Mvuke umekwisha kutanda. Simu ameiegemeza kwenye kopo la wanga. Ananyunyizia maji ukosi wa shati, anapitisha pasi, analitundika shati, kisha kidole kinarukia simu.

"Wamejibu?" anauliza dobi, bosi wake, mikono ikiwa na povu hadi kwenye viwiko.

"Wamejibu."

"Wamesemaje?"

"Wanataka chanzo."

"Hao watu, hata ukiwaambia jua limechomoza watakudai risiti!"

Mpiga pasi anacheka, lakini kicheko kinaishia njiani.

Kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuihariri, anajulikana kwa jina la Pasi Moto. Shule aliiacha mapema, karo ilipogoma. Alichokosa darasani alikitafuta kwenye simu, na makala ya nchi yetu ikawa shamba lake. Hakuna anayemlipa. Sehemu ya kile anachopata kwa kila shati huishia kwenye bando.

Wanaoitunza makala hiyo ni kikundi kidogo cha watu wasiowahi kuonana uso kwa uso. Mkali wao ni mwalimu mstaafu wanayemwita Mzee Tanbihi, maana hapitishi neno bila kuuliza limetoka wapi.

"Tunagombana kama mawifi," anasema Pasi Moto. "Mmoja anaandika, wa pili anafuta, wa tatu anakuja kuamua ugomvi na yeye ndiye anaharibu kabisa. Lakini ukiugua wanakuulizia."

Kinachomkosesha raha ni sentensi moja aliyoiandika kwa mkono wake.

Makala ilikuwa na sehemu ndefu kuhusu bwawa kubwa la umeme. Kimo cha ukuta kilikuwepo, umeme unaozalishwa ulikuwepo, na jina la waziri aliyekata utepe. Kuhusu watu waliokuwa wakiishi bondeni kabla ya maji, hakukuwa na neno hata moja. Jambo hilo lilimchoma, kwa sababu shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa hajui kuvaa viatu, alitoka kwenye bonde hilo. Ila Shangazi hakupenda kulisema. Ukimuuliza, anakuuliza kama umeshaanua nguo.

Siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, Pasi Moto akaziba pengo. Aliandika kwamba wakazi wa bonde waliondoka kwa hiari yao na kupewa ardhi nyingine. Alidhani ndivyo ilivyokuwa. Pembeni akaweka ile alama inayomwonya msomaji kwamba chanzo kinahitajika, akakusudia kurudi kusahihisha siku Shangazi atakapofungua mdomo.

Alichelewa. Ilipoadhimishwa kumbukumbu ya kuzinduliwa kwa bwawa, mwandishi mmoja wa gazeti, akikimbizana na saa, aliinyofoa sentensi ile neno kwa neno. Onyo akaliacha. Gazeti lenyewe ni hili ulilolishika, na masahihisho hayajachapwa mpaka leo.

Mzee Tanbihi, kwa nia njema kabisa, aliiona habari gazetini akafurahi kwamba chanzo kimepatikana. Akalitaja gazeti chini ya sentensi, akaiondoa alama. Tangu hapo makala inalitaja gazeti kama shahidi, na gazeti lilikuwa limenakili makala. Sentensi inajishuhudia yenyewe. Baadaye waandishi wa kitabu cha shule waliikuta imenyooka, ina chanzo, wakaibeba.

Ikarudi nyumbani kwa Pasi Moto kupitia begi la shule la binti yake.

Wanaishi watatu katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Binti alikuwa akisoma kwa sauti, Shangazi amejilaza kitandani, miguu imemvimba. Aliposikia "kwa hiari yao," akainuka.

"Rudia hapo."

Mtoto akarudia.

"Nani kasema?"

"Kitabu, bibi."

"Kitabu kilikuwepo?"

"Sijui, bibi. Mwalimu kasema litakuja kwenye mtihani."

Ndipo Shangazi alipoyatoa yote. Malori yalifika sufuria ikiwa jikoni, na aliiacha inachemka. Mumewe alikataa kupanda, akafungwa kamba kwenye tela, akaburutwa akikimbia hadi miguu ikaisha nguvu. Hakufikisha mwaka. Ardhi waliyoahidiwa ilikuwa mawe matupu, na nusu ya watu walitawanyika kabla hawajaigawana.

"Shangazi," Pasi Moto akasema, "maneno hayo ya kitabuni nimeyaandika mimi."

Mama yule hakupiga kelele. Aligeukia ukutani. Tangu siku hiyo, akiulizwa lolote, hata chumvi imekolea au la, hujibu, "Wewe andika unavyoona. Si ndivyo ulivyozoea?"

"Angenizaba kofi ningepumua," anasema Pasi Moto.

Aliifuta sentensi siku ileile. Kabla hajamaliza shati la pili, mhariri mwingine alikuwa ameirudisha: ina vyanzo viwili, gazeti na kitabu cha shule, usifute bila sababu. Akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba aliibuni mwenyewe. Akaambiwa yeyote anaweza kudai hivyo.

Mzee Tanbihi alimjibu: "Binti yangu, mimi nakuamini. Lakini imani yangu siwezi kuitaja kama chanzo. Nisamehe, mimi ndiye niliyeipigia muhuri." Kisha akaenda maktaba, akapekua magazeti ya wakati ule. Alikuta picha za utepe, mkasi na kofia za wakubwa. Picha ya lori hakuikuta.

Usikimbilie kuwalaumu wahariri hawa wanaojitolea. Bila kanuni ile, kila mwongo angeandika apendavyo. Wenye kalamu na kamera walikuwepo siku ya kuwahamisha watu, wakachagua kutazama ukuta wa bwawa. Leo watu waliohamishwa wanadaiwa ushahidi ambao sisi waandishi ndio tuliokataa kuuchukua.

Juma lililopita Shangazi alikubali kuzungumza na gazeti hili. "Nasema," alianza, bila kumtazama mpwa wake, "lakini si kwa ajili ya huyu. Ni kwa ajili ya yule wa kwenye kamba."

Maneno yake yamechapwa hapa juu. Mzee Tanbihi anasema yatasaidia, ila hayatoshi. Upande mmoja kuna kitabu cha shule, upande mwingine mama mgonjwa mmoja, tena shangazi wa mhariri mwenyewe. Wanahitajika wengine.

"Nataka nimsomee aya iliyonyooka akiwa bado anasikia," anasema Pasi Moto, akigeuza mkono wa shati. "Nikija kumsomea kaburini, nitakuwa najisomea mwenyewe."

Kwa hiyo usilikunje gazeti hili. Mhariri wetu, chapa masahihisho kesho, ukurasa wa mbele, palepale ulipoweka picha ya ule utepe. Mwalimu, ukifika ukurasa huo simama, waambie watoto si kweli. Nawe uliyezaliwa bondeni, popote ulipotawanyikia, njoo chumba cha habari na jina lako kamili, tulichape pamoja na uliyoyaona.

Na wewe uliyeshika usukani. Hukuzaliwa zamani kiasi hicho, bado uko hai, na lori lako lilikuwa na kioo cha pembeni. Ulimwona mtu yule aliyefungwa kwenye tela. Njoo useme, leo.