Fimbo Iliyozidi Vidole Vitatu

Jambo lote lilinigharimu Ijumaa mbili na mita arobaini za kamba ya kuanikia nguo. Kamba niliipima mara mbili. Ijumaa sikuwa na haja ya kuzihesabu, maana kwa mwezi nilipewa hizo mbili tu za mapumziko.

Nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumtunza mama yake bosi. Nilimwita Hajja. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Alizaliwa kusini mwa Syria, kwenye stesheni ndogo ya mawe meusi iliyokuwa chini ya baba yake. Waturuki waliijenga reli ile ili mahujaji wafike Madina. Vita vikaikata njia huko mbele, treni zikapungua mwaka hadi mwaka, mwishowe kondoo wakahamia chumba cha tiketi. Sasa kulikuwa na vita vingine, na hakuna aliyejua kama kuta bado zimesimama. Hajja alibaki na fimbo ya baba yake, iliyokatwa sawasawa na upana wa njia ili mzee apime reli bila kuchuchumaa.

"Kabla hawajanihamishia Riyadh," akaniambia, "nataka nitembee pale mara moja tu."

"Pale wapi, Hajja? Kuna mabomu."

"Juu ya paa, mjinga wewe. Si una kamba?"

Mimi ni mtoto wa njia ya reli ya Taveta, Kenya, nayo ilijengwa kwa ajili ya vita, nayo imekufa, kwa hiyo nilijiona fundi. Tukapatana: Ijumaa zangu mbili, atanilipa Riyadh. Ijumaa ya kwanza nikafunga kamba mbili sambamba, toka tangi la maji hadi kwenye dishi la televisheni. Akainama, akalaza fimbo katikati. Haikuingia.

"Nyembamba hii."

"Reli ni mita moja, Hajja. Nimepima mara mbili."

"Umepima ya kwenu. Yetu inazidi vidole vitatu."

"Vidole vya nani, vyangu au vyako?"

"Vya baba yangu. Yalla, fungua."

Ijumaa ya pili nikafunga upya. Fimbo ikakaa. Akaenda na kurudi mara nne, akinionyesha mahali pa kengele, mpaka madam mwenye nyumba akapanda kuuliza shuka zitaanikwa wapi.

Riyadh tulikaa ghorofa isiyo na paa la kupanda, na Ijumaa zangu sikuziona. Mpwa wake akapiga simu toka Syria: stesheni imebaki kuta mbili, reli zimeng'olewa zikauzwa vyuma chakavu. Mkataba wangu ulipoisha, Hajja alinipa fimbo.

"Ya kwenu bado ina chuma chake?"

"Bado, chini ya nyasi."

"Basi ilaze kati ya reli. Hii haikukatwa kwa kutembelea."

Nilivikumbuka vile vidole vitatu. Nikaipokea hivyo hivyo.

Tangu nirudi nyumbani, nimeshaenda stesheni yetu mara mbili. Mara zote mbili fimbo imepanda juu ya reli. Na kila Ijumaa mwanawe Hajja hunipigia simu, kisha humpa mama yake aniulize, "Imelala?" Nimeshasema mvua, nimeshasema nyasi, nimeshasema nyoka. Niikate vidole vitatu, au niseme imelala? Nyinyi mliowahi kukaa na wazee, nishaurini upesi. Ijumaa ni keshokutwa.