Watu Kumi na Mmoja, Masanduku Sita

Siku niliyojiona fundi wa kupanga vitu, mwanangu, naikumbuka mpaka leo, na nikiikumbuka uso unaniwaka. Kaa. Usiangalie simu. Hii nitaisema mara moja tu.

Sikuwa nimefikisha miaka thelathini. Nilikuwa nafanya kazi hapa Bukavu kwa Muzee Bisimwa, mtu aliyesoma mifupa ya watu wa kale sana, wale waliokaa kwenye milima hii kabla hajatokea wa kupanda mgomba wa kwanza. Ilikuwa mifupa ya mikono na miguu tu, maana hiyo ndiyo iliyobaki nzima kwenye pango alikochimba. Watu kumi na mmoja. Kila mtu alikuwa na sinia lake la mbao juu ya meza, na etiketi ya namba imebandikwa ubavuni mwa sinia.

Mjomba wangu alikuwa ananitania kila Jumapili tukitoka kanisani. “Nabintu, batu banakufa kila siku, na weye unapanguza mifupa ya bale balikufa zamani?” Nami nilikuwa nacheka naye. Ubaya wangu ulianzia hapo, kwenye kucheka.

Muzee alikuwa anaushika mfupa wa mkono, anapitisha kidole pale msuli ulipokuwa umejishika, anakuambia: huyu alibeba, huyu alipanda miti, huyu maisha yake yote alikaa amechuchumaa. Lakini mkono peke yake haukumtosha. Alitaka mkono pembeni ya mguu wa mtu yule yule, apime upi mrefu, upi wenye nguvu. Hapo ndipo angejua kama watu wale walikuwa wa kupanda miti ya pori au wa kutembea mbali kwa miguu. Miaka tisa alilifuata swali lile. Miaka yote hiyo ilikwenda kuchimba na kusafisha; kupima ndiko kulikuwa bado.

Namba sita ndiye tuliyempenda. Alikuwa mfupi, na mkono wake wa kuume ulikuwa mnene kupita wa kushoto, hata bila kipimo unaona. Muzee alisema kwa kudhani kwake ni mwanamke, akamwita Maman Kazi. Asubuhi akiingia anamsalimia: “Maman Kazi, ulilala muzuri?”

Aliniachia jambo moja. Niandike namba kwa wino mweusi juu ya kila mfupa, namba ndogo, mahali pasipoharibu kitu. Aliniambia Jumatatu moja. Wiki zikapita, akaniambia tena. Nikajisemea, etiketi iko kwenye sinia, kwani mifupa itatembea? Nilikuwa mvivu, basi. Sina jina lingine la kuupa ule uvivu.

Kisha vita vikarudi. Kwetu vilikuwa vinaondoka na kurudi, mpaka watu wakaacha kufungua mizigo yao. Habari ilifika kwamba dada mdogo wa Muzee ameuawa kule Sange, na Muzee akapanda lori la kwanza lililokubali kushuka huko. Siku ya tatu akiwa hayupo, askari wakaja kusema wanaitaka nyumba tunayofanyia kazi. Tutoe vitu vyetu kabla ya saa kumi jioni. Padri mmoja akanipa chumba nyuma ya kanisa, na masanduku sita ya bati.

Masinia hayakuingia ndani ya masanduku. Nikayaacha. Nikapanga mifupa kama mtu anavyopanga kuni: mapaja na mapaja, miundi na miundi, mikono ya juu kwenye sanduku lake, ya chini kwenye lake. Kila mfupa nikaufunga kwa gazeti. Hakuna hata mmoja uliovunjika! Na etiketi, mwanangu, etiketi zote kumi na moja nilizibandua taratibu, nikazitia ndani ya bahasha moja safi. Nikatoka pale kifua mbele.

Muzee alirudi baada ya wiki mbili, amekonda, shati ni lile lile aliloondoka nalo. Nikampeleka kwenye chumba cha padri mimi mwenyewe, natabasamu. Akafungua sanduku la kwanza. Mapaja. La pili. Miundi. La tatu hakulifungua.

“Numero sita iko wapi?”

“Yote iko, Papa. Hakuna hata moja ilipotea.”

“Nimekuuliza, numero sita iko wapi?”

Nikaanza kuhangaika na magazeti. “Iko… Papa, iko na bengine.”

Akakaa juu ya sanduku. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo.

“Kule Sange niliuliza dada yangu banamulaza wapi. Balinionyesha shimo moja murefu. Nikauliza, yeye iko upande gani? Banasema, Muzee, iko na bengine. Nilizunguka lile shimo siku mbili, sijue mahali pa kupiga magoti.” Hapo sauti ikapanda. “Bale ba Sange balizika mbio, masasi ya bunduki ilikuwa inalia, siwezi kubahukumu. Na weye, Nabintu? Nani alikufukuza weye siku nilikuambia uandike? Ulikuwa na mwezi muzima na wino mukononi!”

Nami, badala ya kunyamaza, nikafungua mdomo. Nikasema, Mungu anisamehe: “Lakini Papa, hii ni mifupa tu.”

Akasimama. Akanishika mkono hapa, juu ya kiwiko, akabonyeza mpaka akaukuta mfupa. “Na huu? Huu pia ni mufupa tu? Ni wa nani huu? Sema!” Nililia. Yeye hakulia. Aliniachia akatoka nje, na kofia yake akaisahau juu ya sanduku.

Baadaye tulikaa miezi mingi tukijaribu kuwarudisha watu wale, tukilinganisha goti na goti, kiwiko na kiwiko, rangi ya udongo na rangi ya udongo. Wanne tuliwapata. Maman Kazi tulimtambua mikono yote miwili. Miguu yake, hapana. Mikono yenye kazi kiasi kile, na hakuna anayejua ilisafiri juu ya miguu gani! Na kwa watu wanne tu Muzee hakuthubutu kusema neno. Swali la miaka tisa likafa mikononi mwangu.

Kwenye kaye yake, daftari lake la kazi, aliandika: “Saba hawajulikani tena, kwa kosa letu.” Letu! Yeye alikuwa Sange anamlilia dada yake, kosa lilimhusu wapi? Nilimwomba abadilishe, akakataa. Alipofariki, baada ya matanga nilikwenda kuifungua ile kaye, na chini ya maneno yake nikaandika: “Kosa ni la Nabintu, aliyeambiwa mara mbili.” Liko pale. Atakayesoma asome.

Sasa nikujie wewe, mtoto wa kaka yangu. Juzi umenipigia simu kutoka Mumosho unacheka. Wachimbaji wa fondasio, msingi wa nyumba yako, wametoa mifupa ya mguu wa mtu, na wewe umeitia ndani ya mfuko wa simenti, ukauweka pembeni, ili kazi isisimame. Nikakukatia simu. Ulidhani ni rezo, mtandao umekatika? Haikuwa rezo! Ni mimi nilikata, maana nilikuwa karibu kukutukana.

Mfuko wa simenti! Wewe mwenye diploma, unayekwenda kazini na beji shingoni! Unajua ni mtu wa zamani za Maman Kazi, au ni mtu wa vita? Hujui. Hata mimi sijui. Labda mama yake anakaa juu ya kilima kile kile, anapita mbele ya fondasio yako kila siku ya soko, na bado anauliza watu.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho asubuhi simamisha kazi. Hata wachimbaji wakununie, simamisha. Yale yaliyobaki chini yaache yalivyolala, mguu ukae karibu na mguu wake. Yale uliyotoa, andika yalitoka wapi, kwa kina gani, upande gani, na uandike leo kabla hujalala, maana mimi nilisema kesho. Mwite chifu, waite wazee wa pale waulize ni nani aliyepotea, kisha waite wanaosoma mifupa. Usimpange mtu kwa sababu ya nafasi ya sanduku lako. Na kama umekwisha kuharibu, sema ni wewe, kwa jina lako, wale uliowakosea wakiwa bado hai.

Nimemaliza, hasira yangu imekwisha, njoo nikushike kichwa. Mungu akupe nguvu za mikono na miguu yako. Akupe nyumba isiyosimama juu ya machozi ya mtu. Na siku utakapolazwa chini, mwanangu, awepo wa kupiga magoti mahali penyewe na kusema: ni yeye, yuko hapa.